Ulimbo Kwenye Vidole

Mtu mmoja aliyesoma kwangu chuoni zamani, na sasa anaishi Marekani yeye na watu wake, aliniletea suala mwezi mmoja kabla ya Ramadhani. Hakuuliza juu ya talaka wala mirathi wala riba, mambo ambayo watu wametuzoesha kutuuliza. Aliuliza juu ya mpira. Kijana wake wa miaka 16 anachezea timu ya skuli yake mchezo uitwao besiboli, na yeye ndiye mwenye kuurusha mpira. Kocha amemfundisha ajipake mkononi mafuta ya kukinga jua, kisha ashike unga wa utomvu. Viwili hivyo vikikutana vidole hunata, na mpira ukitoka kwenye vidole hivyo huenda mwendo usiopigika. Sheria ya mchezo inakataza jambo hilo. Kijana amekataa kulifanya, na tangu siku aliyokataa anakaa kwenye benchi akiwatazama wenziwe. Baba yake anauliza: "Maalim wangu, hii ni dhambi, au ni mchezo tu, na mimi ndiye ninayemfungia mwanangu mlango wa riziki? Huku kila mtu anafanya."

Nilikaa na suala hilo wiki tatu bila ya kulijibu. Sababu moja ni kuwa mchezo wenyewe sikuujua, na haifai mtu kukata hukumu juu ya kitu ambacho haijui sura yake. Sababu ya pili nitaieleza mbele, kwani ni nzito kuisema kuliko ya kwanza.

Basi nikauliza na kusoma mpaka nikaufahamu. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, futi 60 na inchi 6 kutoka kwenye kibao alipo mpigaji na gongo lake. Mpira ni mdogo, uzito wake wakia 5 hadi 5 na robo, umevikwa ngozi nyeupe ya ng'ombe na kushonwa kwa uzi mwekundu, mishono 108 ya maradufu. Warushaji wa ligi kuu huutupa kwa mwendo wa maili 95 kwa saa na zaidi, na tangu utoke mkononi hadi umfikie mpigaji haipiti nusu sekunde. Mpigaji hana wasaa wa kufikiri. Huliona jambo likianza, akakisia mwisho wake.

Siri yote imo katika kuzunguka. Aliyecheza pia utotoni anajua kwamba kitu kinachozunguka kina tabia yake mbali na kisichozunguka. Mpira ukizungushwa kurudi nyuma, hewa huubeba kidogo, ukashuka pungufu ya vile jicho la mpigaji lilivyotarajia, na gongo likapita chini yake. Ukizungushwa kwa upande, hupinda. Mrushaji hodari hujua namna ya kuweka vidole juu ya mishono, au kuvuka mishono, na kila namna ina mwendo wake. Huu ni ustadi wa halali ambao mtu huusomea miaka kama fundi seremala asomavyo randa. Mpira wa kasi wa ligi kuu huzunguka wastani wa kiasi cha mara 2,300 kwa dakika. Ukitia kinachonata kwenye vidole, hesabu hiyo hupanda bila ya ustadi kupanda.

Zamani walitaka kinyume chake. Waliutemea mpira mate, au kuupaka grisi, ili uteleze vidoleni na utoke bila kuzunguka sana, kisha uporomoke ghafla mbele ya mpigaji. Wengine waliukwaruza kwa msasa upande mmoja ili hewa iushike vibaya. Mwaka 1920 mate yakapigwa marufuku. Na mwezi wa Agosti mwaka huo huo mchezaji wa Cleveland, Ray Chapman, alipigwa na mpira kichwani akafa siku ya pili yake, na watu wakasema mpira ulikuwa umechafuka hata hakuuona. Kifo hicho si mate yaliyokileta, lakini kiliwafanya watu wauone mpira kwa jicho jingine.

Katika marufuku hiyo kuna jambo lililonipendeza. Walikuwako warushaji ambao riziki yao yote ilisimama juu ya mate, na hawakujua kurusha vinginevyo. Wakuu wa mchezo hawakuwatupa. Waliwaandika kwa majina, watu 17, wakawapa ruhusa waendelee hadi watakapostaafu, na wa mwisho wao, Burleigh Grimes, aliendelea mpaka 1934. Watu hao 17 walitema mate mbele ya maelfu ya watazamaji na hakuna aliyeweza kuwaita walaghai, kwa sababu mpigaji alipokwenda kusimama mbele yao alikwisha jua anakabili nini. Wenziwao waliofanya lile lile kwa kuficha, wakatia mate yale yale, walikuwa wakidanganya. Kitendo ni kimoja, na hukumu mbili.

Hapa nikakumbuka mashindano ya ngalawa ya kwetu. Siku mbili kabla ya mashindano, manahodha huvuta vyombo pwani, wakavilaza, wakavipaka chini shahamu iliyochanganywa na chokaa ili maji yasivishike. Kila nahodha ana mchanganyiko wake na ana majivuno yake juu yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba mwenziwe amemwibia kwa shahamu. Wanapaka mchana, jua kali, watoto wamezunguka wanatazama, na nahodha wa ngalawa ya pili amekaa kwenye gogo anakunywa kahawa na anacheka. Kwa hiyo kitu kupakwa si tatizo. Ulimbo wenyewe, ule tuliokuwa tukiupika kwa utomvu wa mfenesi kutegea ndege, hauna halali wala haramu ndani yake.

Wanavyuoni wetu waliliandikia jambo la kushindana mlango wake maalumu; umo katika Minhaj ya Imam Nawawi na vitabu vilivyo mfano wake. Wamesema juu ya farasi na juu ya mishale. Wenye kushindana kwa mishale hutakiwa waujue umbali, waijue shabaha, na waijue idadi ya mishale. Mtu asiyezoea atashangaa: kwa nini fakihi ajishughulishe na michezo ya watu? Ni kwa sababu mashindano ni mapatano. Wawili wameingia chini ya sharti moja, na mmoja akibadilisha sharti kwa siri huwa amemtoa mwenziwe katika mapatano bila ya kumwambia. Mwenziwe bado anadhani anashindana.

Na sote tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni kwenye chungu ya chakula, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali alisema mvua ndiyo iliyoinyeshea. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini ile iliyorowa hakuiweka juu watu wakaiona.

Sasa turudi Marekani tutazame hoja ya yule baba, kwamba kila mtu anafanya. Ni hoja kubwa kuliko inavyodhaniwa, na si ya kudharauliwa na sisi tuliokaa mbali.

Alikuwako mrushaji aitwaye Gaylord Perry. Mwaka 1974, naye bado anacheza, alitoa kitabu cha maisha yake akakiri humo kuwa alikuwa akipaka mpira mate na grisi. Kila aliporusha aligusa kofia, akagusa nyusi, akagusa shingo, na mpigaji akawa hajui kama safari hii amepaka au anamtisha tu. Watu walicheka na kumpenda. Alitolewa uwanjani kwa kosa hilo mara moja tu, mwaka 1982, na mwaka 1991 akaingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo lililoko Cooperstown. Alifariki 2022. Sisi nasi tunamcheka Abunuwasi na hila zake, lakini sijamwona mtu aliyemwekea Abunuwasi amana.

Kisha mwaka 2014 mrushaji wa New York, Michael Pineda, alitolewa mchezoni huko Boston kwa kupaka lami ya msonobari shingoni, doa zima linaonekana hata kwenye televisheni. Alifungiwa mechi 10. Nililolistaajabia ni maneno ya watu baada ya hapo. Wengi, hata wa upande wa pili, hawakusema kwamba amekosa kwa kupaka. Walisema amekosa kwa kupaka waziwazi. Angejificha kidogo wangemwacha, kwa sababu warushaji wao nao wanatumia. Hapo ndipo mambo yalipogeuka juu chini. Yule nahodha wetu apakaye mchana ndiye mwema. Kwao, apakaye mchana ndiye mkosa adabu, na ajifichaye ndiye mstaarabu.

Hoja hii ya kila mtu nimeipima, nikaona inajivunja yenyewe. Kama kweli wote wameridhia, kwa nini mafuta yafichwe chini ya mshipi na ndani ya glovu? Mtu hafichi kitu ambacho wenziwe wamekiridhia. Yale maficho yenyewe ni shahidi kwamba ridhaa haikupatikana. Na kwenye hesabu ya "kila mtu" daima kuna mtu mmoja anayesahauliwa, naye ni yule asiyefanya. Yule kijana kwenye benchi hakuhesabiwa.

Mwaka 2021 jambo likalipuka. Warushaji walikuwa wamepata gundi nzito, moja yao ikiitwa Spider Tack, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyanyuaji wa mawe mazito, na wapigaji walikuwa hawapati kitu. Mwezi wa Juni waandishi wakamwuliza Gerrit Cole wa New York, mmoja wa warushaji wanaolipwa pesa nyingi mno, kama amewahi kuitumia. Alinyamaza kitambo, akasema hajui alijibu vipi, kisha akataja mazoea ambayo wachezaji wakubwa wamewarithisha wadogo. Simlaumu zaidi ya wenziwe. Angalau ulimi wake ulikuwa mzito kusema uongo. Lakini msomaji atakuwa amelitambua jibu hilo. Ni jibu la zamani sana, la watu waliowaambia Mitume wao kwamba hivi ndivyo tulivyowakuta wazee wetu.

Tarehe 21 Juni mwaka huo waamuzi wakaanza kuwakagua warushaji, kofia, mshipi na glovu, mbele ya watu, na adhabu ikawa mechi 10. Sheria hiyo haikuwa mpya. Ilikuwa imeandikwa miaka na miaka, wakuu wanaipita kila siku kama mtu apitaye karibu na jalala la mtaani kwake. Mrushaji mmoja wa Tampa Bay, Tyler Glasnow, alilalamika kwa uchungu: yeye alikuwa akitumia mafuta ya jua na unga, akaacha ghafla katikati ya msimu, akalazimika kuubana mpira kwa nguvu kuliko alivyozoea, na mshipa wa kiwiko ukachanika. Huenda sababu ilikuwa hiyo, huenda siyo. Lakini maneno yake yana haki ndani yake. Mtawala akilala juu ya sheria miaka mingi, watu hujenga nyumba zao juu ya kulala kwake, na siku akiamka kwa kishindo zinawaangukia waliomo. Wakuu wa 1920 walikuwa na busara kuliko wakuu wa 2021.

Na kuna jingine lililonichoma zaidi. Mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya ukaguzi, mtumishi wa chumba cha wachezaji wa timu moja huko California, aliyetumikia miongo mizima, alifukuzwa kazi kwa kuwapikia warushaji ule mchanganyiko wa kunata. Alikwenda mahakamani akidai ametolewa kafara. Waliomtuma na kuutumia waliendelea kucheza. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Kila mahali mwenye kuosha vyombo ndiye huulizwa kwanza ni nani aliyekula.

Wanayo hoja nyingine, nayo ni ya kuisikiliza. Wanasema siku ya baridi mpira huwa mkavu na huteleza, na mpira ulioponyoka kwa mwendo wa maili 95 unaweza kuua. Basi kunata ni usalama wa mpigaji. Hili ni kweli, na ndiyo maana sheria inamruhusu mrushaji mfuko wa unga wa utomvu, umewekwa chini nyuma ya kichuguu, kila mtu anauona. Huko Japani hutumia mpira ambao ngozi yake yenyewe inanata zaidi. Hizo ndizo njia za wazi. Mwenye hoja ya usalama aende kwa wakuu aidai, si kuitia ndani ya glovu.

Nakiri kwamba mpaka wenyewe haunyooki kila mahali. Mwaka 2023 Max Scherzer, mrushaji mkongwe, alitolewa mchezoni huko Los Angeles kwa mkono unaonata kupita kiasi. Alikuwa ameamrishwa kuosha mkono, akauosha, na bado waamuzi hawakuridhika. Akaapa kwa uhai wa watoto wake kwamba ni jasho na unga ule ulioruhusiwa tu. (Kwetu sisi hatuapi kwa watoto, lakini twamfahamu.) Alifungiwa mechi 10. Kama alisema kweli, basi alihukumiwa kwa kuzidisha kilicho halali, na mwamuzi hakuwa na mizani ila ngozi ya kidole chake mwenyewe. Mimi katika jambo lake siwezi kusema kitu. Lakini mashaka ya Scherzer si ya yule kijana. Yeye kocha wake alimwambia asimwonyeshe mwamuzi.

Sasa niseme sababu ya pili iliyonichelewesha.

Yule mtu aliyeniandikia, alipokuwa na miaka 12, nilimpeleka kwenye mashindano ya kuhifadhi Kurani. Alikuwa na moyo mwepesi wa kuhifadhi, lakini palikuwa na mahali pawili ambapo aya zinafanana, na kila mara alikuwa akiruka kutoka sura moja akaingia nyingine. Waalimu tulikaa safu ya mbele. Nilimwambia: ukifika pale nitazame, nikishika ndevu endelea hivi, nikiteremsha mkono endelea vile. Kila mwalimu alikuwa na ishara zake, na tulijuana. Nilijiambia kwamba namsaidia mtoto asipate fadhaa, kwamba maneno ni yale yale matukufu, na kwamba hakuna aliyedhulumiwa. Akafika pale, akanitazama, nikashika ndevu. Akawa wa kwanza. Wa pili alikuwa mtoto wa chuo kingine, mwalimu wake mzee, macho yake hayaoni tena, hawezi kutoa ishara wala hakuwa mtu wa ishara. Mtoto yule alikuwa akimtazama mshindi alipokuwa akisoma, na alipofuata macho yake yakaja kwangu. Alikuwa mkubwa wa kutosha kufahamu.

Miaka imepita zaidi ya thelathini. Barua ya mwanafunzi wangu haikulitaja jambo hili hata kwa neno, lakini nilipolisoma lile "kila mtu huku anafanya" nilijua neno hilo amelitoa kwa nani. Ningewezaje kumwandikia juu ya kocha wa mwanawe nikajiweka kando?

Nilimjibu hivi. Kijana wako asipake. Kwa hilo hakuna khitilafu, kwani ameingia katika mapatano na mpigaji aliye mbele yake, naye ni mtoto wa watu kama yeye, ana baba anayemtakia riziki kama wewe. Usimwambie kwamba akishikilia ukweli atarudishwa uwanjani, kwani hulijui hilo, na ukimuahidi kisha lisitokee atadhani kwamba ukweli umemdanganya. Mwambie anaweza kukosa nafasi hiyo kabisa, na kwamba wewe utakuwa naye. Kwa kocha nenda wewe mwenyewe, si mtoto. Nenda peke yako, bila ya kumfedhehesha, umwulize kama yu tayari kuyaeleza mafuta hayo mbele ya mwamuzi. Akikataa, mtafutie mwanao timu nyingine, au acheze nafasi nyingine ambayo haitaki vidole. Mwanao asifanywe mpelelezi wa wenziwe. Wao ni watoto na wamefundishwa na mtu mzima. Mzigo wao uko juu ya yule mtu mzima.

Na nikamwandikia pia juu ya ndevu zangu.

Jibu lake lilikuja usiku ule ule. Alisema anakumbuka, na kwamba ile zawadi, saa ya mkononi, hakuivaa sana. Kijana bado yuko kwenye benchi. Amemwomba mdogo wake awe anamdakia mipira nyuma ya nyumba, na anajifunza kuushika kwa vidole vikavu.

Yule aliyekuwa wa pili siku ile sasa ni mtu mzima mwenye mvi, ana duka la nguo nyuma ya soko. Tunaamkiana kila Ijumaa. Nimempelekea mjukuu wangu kumwambia kuwa baada ya Isha nitapita kwake, nina maneno naye.